Hakuna Sheria Iliyomkataza Amin

Katika riwaya nyingi za mapenzi yaliyokatazwa, msomaji hachukui muda kumtambua mkatazaji. Huwa ni baba mwenye mali anayetaka bintiye aolewe na mwenye mali mwenzake, au mama mkwe mwenye ulimi mkali, au koo mbili zisizoozana, au dini mbili zisizokutana. Mkatazaji husimama wazi upande mmoja, wapenzi upande wa pili, na kazi ya msomaji ni kusubiri aone nani atashinda. Nimezisoma riwaya za namna hiyo tangu nikiwa mwanafunzi, zile za vitabu vyembamba vilivyopita mkono kwa mkono chini ya madawati, na siku hizi nazisoma zile zinazotolewa kipande kwa kipande kwenye simu; wala sioni haya kusema kwamba bado nazipenda. Hata hivyo kuna riwaya moja inayonivurugia hesabu kila ninapoirudia, kwa sababu ndani yake mna mapenzi mawili yaliyokatazwa, na yale yaliyokuwa na kila sababu ya kushindikana ndiyo yaliyotokea, ilhali yale yasiyokuwa na sheria yoyote ya kuyazuia ndiyo yaliyozimwa.

Riwaya hiyo ni Desertion ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 2005. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana miaka michache baada ya Mapinduzi, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wasomaji wengi wa huku kwetu walianza kumtafuta baada ya tuzo hiyo, na wengi wao waliingilia mlango wa Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022. Desertion haitajwi sana, na naona tumeionea, maana katika vitabu vyake nilivyosoma hakuna kinachomjua mtu aliyelelewa katika nyumba ya pwani kwa undani kama hiki. Katika kuieleza nitalazimika kuisimulia mpaka mwisho wake, hivyo asiyependa kuharibiwa hadithi na aisome kwanza.

Hadithi inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa mwambao, upande wa Mombasa. Hassanali, muuza duka mwoga mwoga ambaye amejitolea kufungua msikiti na kuadhini alfajiri, anatoka nyumbani gizani na kuona kivuli kinamjia. Kwanza anadhani ni kiumbe wa usiku. Kumbe ni Mzungu, amechoka hoi, anayeanguka mbele yake. Mzungu huyo ni Martin Pearce, mtu aliyekuwa katika msafara wa uwindaji uliotoka upande wa Uhabeshi, akachukizwa na mauaji ya wanyama, akaamua kujitenga, kisha akaibiwa na kutelekezwa njiani na waliomwongoza. Hassanali anamchukua nyumbani kwake, na nyumbani humo yumo dada yake, Rehana. Haupiti muda mrefu kabla ya afisa wa Kiingereza, Frederick Turner, kufika juu ya farasi wake, kumchukua mgonjwa na kumshuku muuza duka wa watu kwamba ndiye aliyemwibia. Baada ya siku chache Pearce, akiwa na nguvu kidogo na haya nyingi, anarudi kuomba radhi na kushukuru. Anazungumza nao kwa Kiarabu alichojifunza katika safari zake, anakaribishwa chakula, anamwona Rehana kwa macho yasiyo na homa. Basi.

Rehana si msichana. Ni mtoto wa baba Mhindi na mama Mswahili, na katika ujana wake aliolewa na mfanyabiashara aliyeitwa Azad, aliyekuja na msimu, akaondoka na msimu, wala hakurudi tena. Kwa hiyo anapotokea huyu Mzungu, mtaa umekwisha kumhesabu Rehana kuwa mwanamke aliyeachwa, na kama tujuavyo, mwanamke wa namna hiyo huonewa huruma kwa muda na kuchungwa maisha yake yote.

Hebu tuhesabu makatazo yaliyosimama baina ya watu hawa wawili. La kwanza ni la dini, nalo ni wazi: mwanamke Mwislamu haolewi na asiye Mwislamu, na katika mji ambao kaka mtu ndiye anayeadhini msikitini hakuna njia ya kulikwepa. La pili ni la dola. Mwaka 1895 Waingereza walikuwa wametangaza himaya yao juu ya eneo lililokuja kuitwa Kenya, na ingawa ukanda wa mwambao ulikuwa bado unahesabiwa kuwa wa Sultani wa Unguja, aliyeamua mambo alikuwa Turner na wenzake. Reli ilikuwa inajengwa kutoka Mombasa tangu 1896, na pamoja na reli yalikuja mashamba, masetla na hofu ya masetla kwamba heshima ya Mzungu itashuka akionekana karibu mno na mwenyeji. Mwaka 1899 hofu hiyo ilikuwa haijaandikwa popote. Wakubwa walifumba macho, na afisa aliyeweka mwanamke mwenyeji nyumbani alisemwa kwenye meza ya chakula tu. Iliandikwa miaka kumi baadaye, Januari 1909, pale Lord Crewe, waziri wa makoloni huko London, alipotoa waraka wa kuwaonya maafisa wasiweke masuria wenyeji, baada ya kashfa ya afisa mmoja katika eneo la Nyeri kuwafikia wasomaji wa magazeti Uingereza. Ni vyema kuukumbuka waraka huo unapomsoma Turner, kwa kuwa unaonyesha kilichokuwa kinawasumbua wakubwa wake: yaliyowapata wanawake hayakuwa shauri lao kubwa, hesabu ilikuwa ya hadhi ya mtawala. La tatu ni la mtaa, na hilo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyekulia katika nyumba zinazotazamana madirisha.

Pamoja na makatazo yote matatu, jambo lilitokea. Pearce na Rehana walipendana, wakaenda kuishi Mombasa bila kujificha, na akapatikana mtoto wa kike. Pearce akarudi kwao. Msomaji wa Unguja hawezi kuupita ukurasa huo bila kumkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, ambaye mwaka 1866, kaka yake Majid akiwa ndiye Sultani, alitoroka kwa meli ya kivita ya Kiingereza mpaka Aden akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Huko alibatizwa na kufunga ndoa mwaka 1867, wakaenda kuishi Hamburg, na mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886 na mpaka leo zinasomwa. Salme alilipa gharama kubwa ya kuondoka, lakini alipata kitu ambacho Rehana hakukipata, nacho ni nafasi ya kuandika mwenyewe yaliyomfika. Rehana alibaki na mtoto, na habari zake zikaandikwa na midomo ya watu.

Hapo ndipo mwandishi anapofanya jambo lililoniudhi nilipoisoma mara ya kwanza. Anatuleta mpaka kizingitini, chakula kimeliwa, macho yamekutana, halafu anaikata hadithi. Msimulizi ambaye mpaka hapo hatukujua kwamba yupo anajitokeza na kukiri kwamba hajui ilivyokuwa. Ni Rashid, Mzanzibari anayeishi Uingereza miaka mingi baadaye, na anatuambia waziwazi kwamba anabuni: hajui nani alianza kumtumia mwenzake salamu, wala walikutana wapi, wala Rehana alipata wapi ujasiri. Anajaribu njia moja na nyingine ya kulifikiria jambo hilo, kisha anatupeleka miaka hamsini na kitu mbele. Mpenzi wa riwaya za mapenzi ataona amedhulumiwa, maana ile sehemu aliyoinunulia kitabu ndiyo iliyoachwa wazi. Nilikitupa kando kwa siku kadhaa.

Niliporudi niliona kwamba pengo lile ndilo linaloendesha nusu ya pili ya riwaya. Habari za Turner zinaweza kupatikana katika majalada, kwa sababu maafisa waliandika kila kitu hadi bei ya farasi. Habari za Rehana hazikuandikwa popote, na palipokosekana karatasi palijaa umbea. Kizazi cha tatu hakikurithi hadithi ya mwanamke aliyeachwa na mume, akampenda mgeni aliyeletwa nyumbani kwao akiwa mahututi. Kilirithi sentensi moja tu, kwamba bibi yake alikuwa hawara wa Mzungu. Sentensi hiyo ikavuka bahari mpaka Unguja, ikasubiri, na miaka sitini baadaye ikamwangukia kijana ambaye hakuwahi kumwona Rehana kwa macho.

Kijana huyo ni Amin, kaka yake Rashid. Tupo Unguja mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa zama za siasa, baada ya uchaguzi wa kwanza wa 1957, vyama vikigombana hadi mitaa ikaacha kusalimiana. Nyumba yao ni ya walimu, baba na mama wote wawili, nyumba yenye vitabu, inayowataka watoto wasome na inayoamini kwamba mambo yanabadilika kwa heri. Rashid ndiye msomaji anayeota kwenda Ulaya. Farida, dada yao, ameshindwa mtihani wa kuingia sekondari na amegeuka mshoni wa nguo za kike, kazi ambayo riwaya inaitazama kwa heshima kubwa kuliko wazazi wake wanavyoitazama mwanzoni. Amin ni yule mtoto ambaye kila nyumba humtaka: mtulivu, mwaminifu, anasomea ualimu kama wazazi wake, hajawahi kuitwa mara mbili.

Jamila anakuja kwa Farida kushona. Ni mzuri, amemzidi Amin umri, aliwahi kuolewa akaachika, anaishi katika nyumba ya kwao lakini mlango wake ni wake mwenyewe, na mji unamsema kwamba ana mtu mkubwa wa siasa anayemtembelea. Ni mjukuu wa Rehana. Amin anampenda, naye anampenda Amin, na Farida, ambaye mwenyewe ana mpenzi wa siri Mombasa anayeandikiana naye barua, ndiye anayekuwa mjumbe wao. Wanaanza kukutana usiku kwa Jamila. Sehemu hizi Gurnah ameziandika kwa upole unaonishangaza kila mara. Hakuna maneno makubwa, kuna vijana wawili wanaocheka kwa sauti ya chini wasisikiwe na jirani, na kuna Amin anayerudi nyumbani alfajiri akijaribu kuvaa uso wa jana.

Kisha wazazi wanajua. Wanamwita, wanamsimamisha mbele yao, na mama ndiye anayesema zaidi. Anamweleza huyo mwanamke ni nani na anatoka katika watu gani. Anamrudisha hadi kwa bibi, kwa Mzungu wa Mombasa, kwa aibu iliyoanza kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Anataka ahadi kwamba hatamwona tena. Amin anaitoa, na anaitimiza.

Nimesoma kurasa hizo nikiwa na hasira na nikiwa nimetulia, na kila mara najiuliza swali lilelile: ni nini hasa kilichokatazwa? Kukutana kwao usiku kulikuwa zinaa, hilo halina ubishi, na mzazi yeyote Mwislamu alikuwa na haki ya kufadhaika. Lakini dawa ya jambo hilo kwa vijana wawili Waislamu wanaopendana na wasio na kizuizi inajulikana na kila mtu, nayo ni ndoa. Hakuna mtu katika nyumba ile ya walimu aliyelitamka neno hilo. Umri wa Jamila haukuwa kizuizi, kwani kila mtoto wa chuoni amefundishwa habari za Bibi Khadija, aliyekuwa amekwisha kuolewa na aliyemzidi Mtume umri. Talaka yake haikuwa kizuizi pia, kwa sababu mwanamke aliyeachika na kumaliza eda anaolewa. Watasema hakuwa kufu yake. Hata hapo sheria haiwasaidii, maana katika fiqhi kufu huangaliwa upande wa mwanamume, ili mwanamke na walii wake wasiozwe mtu aliye chini yao. Ni kinga ya Jamila, hakikuwekwa kuwa kizuizi kwa Amin. Kwa hiyo wazazi hawa wasomi walisimama mahali ambapo dini haikuwasimamisha, wala serikali, wala mahakama ya kadhi. Walisimama juu ya sentensi moja ya umbea.

Hata hivyo Amin alitii, na kutii kwake ndiko kunakonifanya niseme kwamba Gurnah ameelewa jambo ambalo waandishi wengi wa mapenzi yaliyokatazwa hawalielewi. Angetishwa kwa fimbo angeruka ukuta. Angefukuzwa angepanda boti kwenda Mombasa, na Farida angempa nauli. Alishikwa na radhi. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, alimwambia kwamba kiumbe huhitaji radhi tano ili apate usono duniani na akhera, nazo ni za Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Mtu aliyelelewa katika fikra hiyo akiambiwa na mama yake kwamba moyo wake umevunjika, hana ukuta wa kuruka. Mama huyu hakuwa katili. Ni mwanamke mpole, mcheshi, mpenda vitabu, aliyewalea watoto wake kwa mahaba, na mahaba hayo ndiyo yaliyokuwa kamba. Baadaye anapofuka macho, anayebaki nyumbani kumhudumia ni huyohuyo Amin. Aliyemkataza anageuka mtu anayemtegemea kwa kila hatua, na hapo hata chuki haipati pa kukaa.

Nilimsimulia mama yangu hadithi hii jioni moja tukichambua mchele, kwa sababu nilitaka kusikia mtu wa rika lile angesema nini. Nilitarajia atamhurumia Amin. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama watu wa Jamila walikuwa wanajulikana mjini.

"Walijulikana sana, Mama. Ndiyo maana."

"Basi mama mtu alikuwa na haki."

"Haki gani? Mtoto wa watu hakufanya kosa lolote, kosa ni la bibi yake, kama nalo ni kosa."

"Mwanangu, mama hamkatazi mtoto kwa kumchukia. Wewe utaoa, utafunga mlango wako, utalala. Atakayepita mtaani asubuhi na kikapu chake ni yeye."

Nilikuwa na majibu mengi na sikuyatoa. Bado sikubaliani naye. Lakini baada ya maneno yale nililisoma upya lile tukio la wazazi na kuona jambo ambalo hasira ilikuwa imenificha: mama wa Amin anapozungumza habari za Jamila, anaongea kama mtu anayeogopa. Yeye na mumewe wameishi kwa heshima ya kazi yao. Hawana mashamba ya mikarafuu, hawana ukoo mkubwa wa kuwakinga, wana jina tu. Katika mji mdogo uliogawanyika kwa asili, rangi na chama, jina lilikuwa ndiyo akiba yote. Kueleza hofu hiyo si kuisamehe, na riwaya haiisamehi.

Na akiba hiyo iliteketea upesi. Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Rashid alikuwa amekwisha kwenda Uingereza kusoma. Baba yake akamwandikia asirudi. Watu waliohesabu nani ni kufu ya nani wakajikuta wengine wameuawa, wengine wamefungwa, wengine wamepanda majahazi. Nje ya riwaya, historia iliongeza jambo ambalo hakuna mtunzi angethubutu kulibuni: Septemba 1970, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na watu wa Baraza la Mapinduzi, na walii wao hawakuwa na kauli. Miaka kumi na kitu tu ilikuwa imepita tangu wakati ambao mzazi wa Unguja aliweza kumwita mtoto wake barazani na kuamua nani apendwe na nani asipendwe. Najiuliza kama mama wa Amin, gizani kwake, aliwahi kupima alichokikinga na alichokipoteza. Riwaya haimpi nafasi ya kusema hivyo, na ni sawa. Mtu wa namna ile asingesema.

Kila mtu katika kitabu hiki anamwacha mtu. Azad anamwacha Rehana, Pearce anamwacha Rehana, Waingereza wanaiacha Unguja, Rashid anawaacha ndugu zake na huko Uingereza naye anaachwa na mke wake. Wasomaji wengi humwona Amin kuwa ndiye pekee aliyebaki, ndugu mwema aliyeuguza wazazi wakati msomi wa familia akihudhuria mikutano. Mimi naona Amin ameacha kuliko wote, kwa kuwa wenzake walivuka bahari na yeye alimwacha mwanamke anayekaa umbali wa kutembea kwa miguu. Alimwona barabarani. Alijua anapita saa ngapi. Katika madaftari yake, ambayo hatimaye yanamfikia Rashid, anaandika juu ya Jamila usiku baada ya usiku, miaka baada ya ahadi ile, na macho yake mwenyewe yakiwa yameanza kufifia kama ya mama yake. Ni maandishi mazuri mno, na kwa mara ya kwanza mapenzi ya mtu katika hadithi hii yanapata karatasi.

Lakini ni karatasi za Amin. Hapo ndipo ninapogombana na kitabu hiki, na ugomvi wangu hauishi. Rehana hakuandikiwa chochote, na mwandishi akatueleza kwa uaminifu kwa nini hawezi kutuambia kilichokuwa moyoni mwake. Sababu hiyo niliikubali, kwani ni mwanamke wa 1899 na msimulizi wake yuko mbali naye. Jamila hayuko mbali. Rashid aliwahi kumwona, Farida alimpima mabega na kiuno akimshonea, mji mzima ulimfahamu. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye mlango wake, anayejua kusoma na kuandika. Alikaa siku ngapi akisubiri mlango ugongwe kabla ya kuelewa kwamba hautagongwa? Alimwambia nani? Alipomwona Farida sokoni, walisemeshana? Yote tunayoyajua juu ya kuachwa kwake tunayajua kupitia majuto ya aliyemwacha, na majuto, hata yakiandikwa vizuri namna gani, humweka mwenye majuto katikati ya picha. Kitabu kinachoonyesha kwa ustadi jinsi umbea ulivyomfuta Rehana kinamfuta mjukuu wake kwa njia ya heshima zaidi.

Mwisho wake nao unaniacha na shaka. Rashid, sasa mwalimu wa chuo kikuu, anakutana katika mkutano wa wasomi na mwanamke aitwaye Barbara Turner, wa nasaba ya Waingereza wale wa mwanzo, na kwa pamoja wanaanza kuunganisha vipande vya hadithi ya Rehana na Pearce. Wanakaribiana, wanapanga safari ya kwenda pwani. Naelewa kwa nini wahakiki huipenda sehemu hii: kizazi cha waliotenganishwa na himaya kinakutana bila hofu. Ila ni rahisi mno. Hakuna aliyebaki wa kuwakataza, wazazi wamekufa au wako mbali, waraka wa Lord Crewe umebaki kuwa kitu cha wanahistoria, na majirani wa Uingereza hawaulizi bibi yako alikuwa nani. Baada ya kurasa mia kadhaa za watu waliolipa kwa maisha yao, wanaingia wawili wasiolipishwa chochote, na mwandishi anawakabidhi funguo. Kurasa chache alizowapa Rashid na Barbara ningezitoa zote, bila kusita, kwa moja tu ambayo ndani yake Jamila ameketi mbele ya Farida, nguo iko kwenye cherehani, na yeye ndiye anayezungumza.